Vijana na mila: tunahifadhi kiini au ganda?

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya isha, niliketi barazani katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na vijana watano au sita wa mtaani. Kahawa ilikuwa ikizunguka, na mazungumzo, kama ilivyo desturi ya baraza, yalianza kwa mpira, yakapita kwenye bei ya unga, na mwishowe yakatua kwenye siasa. Hapo kijana mmoja, mwalimu aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na ambaye hadi leo hajaajiriwa, alitamka neno ambalo sikulitazamia kutoka kinywani mwa mtu wa umri wake. Alisema kwamba yeye ni mhafidhina, na kwamba haoni haya kuitwa hivyo.

Wenzake walimcheka. Kwao, mhafidhina ni mzee wa kanzu iliyopauka, anayelaani kila kitu kilichozuka baada ya ujana wake. Lakini kijana yule hakurudi nyuma. Alihesabu kwa vidole mambo yanayomkera: lugha inayochakazwa, wakubwa wasioamkiwa, ndoa zinazovunjika kabla ya hina kufutika, mashamba ya mababu yanayouzwa ovyo, viongozi wasio na haya, na simu ambayo, kwa maneno yake, imekuwa mlezi wa watoto kuliko mama zao. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa adabu: "Ami, nyinyi wazee mwatwambia kila siku kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hizo mila mlitukabidhi lini, hata tuziache?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Makala haya ni jaribio la kumjibu, yeye pamoja na wengi walio kama yeye. Maana wako wengi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya wananchi walikuwa hawajatimiza umri wa miaka 35. Tumezoea kudhani kwamba umati huo wote unataka mapya tu. Si kweli. Miongoni mwao wapo wanaotazama nyuma kwa shauku, na shauku hiyo isipopata mwongozo inaweza kuzaa heri au kuzaa shari.

Neno na asili yake

Katika siasa za Afrika Mashariki, neno mhafidhina limekuwa tusi. Anayepinga mabadiliko kwa hofu ya kupoteza kiti chake huitwa mhafidhina. Anayekataa kumsomesha binti yake naye huitwa hivyo hivyo. Tumelitwika neno hili mzigo usiokuwa wake. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kulinda, na katika Kiswahili lina jamaa wengi wenye heshima. Aliyeihifadhi Kurani nzima moyoni huitwa hafidhi. Pori lililotengwa ili wanyama wasimalizwe huitwa hifadhi. Kwa hiyo mhafidhina, kwa haki ya lugha, ni mtu aliyepokea amana akakubali kuilinda. Mtu wa namna hii si lazima awe adui wa maendeleo. Lililo lazima ni kwamba ajue amana yenyewe ni ipi, imetoka kwa nani, na ni nani anayeila.

Kila taifa lina walinzi wake. Huko Uingereza, tangu Edmund Burke alipoandika mwaka 1790 kuyalaani mapinduzi ya Ufaransa, wahafidhina wamejinasibu kuwa walinzi wa ufalme, kanisa na bunge lao. Huko Marekani, vijana waliokutana Sharon, Connecticut, mwezi Septemba 1960 na kuunda chama cha Young Americans for Freedom, walidai kuilinda katiba ya nchi yao na uhuru wa biashara dhidi ya ukomunisti na dhidi ya serikali yenye mkono mrefu. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini jambo moja ni wazi: kila mmoja alijaribu kulinda alichokirithi kwao.

Vijana wetu je? Baadhi yao hupokea uhafidhina wao kutoka kwenye simu, umekwisha kupikwa na kupakuliwa ng'ambo. Nimewasikia hapa hapa mjini wakibishana kwa hasira juu ya magomvi ya Wamarekani, nani apigiwe kura huko na mwanamume wa huko aishi vipi na mkewe, ilhali ukiwauliza jina la mama wa bibi zao hawalijui. Uhafidhina wa kuazima hauna tofauti na usasa wa kuazima. Zote mbili ni nguo za watu, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Marehemu John Mbiti, mwanachuoni mzaliwa wa Kitui, alipochapisha mwaka 1969 kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayatumia kueleza namna Mwafrika anavyouona wakati. Alieleza kwamba marehemu ambaye walio hai bado wanamkumbuka kwa jina hajaondoka kabisa. Angali mmoja wa jamaa. Kijana asiyejua majina ya wazazi wa wazazi wake amewafukia mara ya pili. Hapo ndipo uhafidhina wa kweli unapopaswa kuanzia, nyumbani kwa mtu, kabla ya kufika kwenye nguo za mpita njia.

Funzo la mwaka 1968

Nimetaja nguo kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi vijana wanapoamka kutetea mila, hatua yao ya kwanza huwa ni kuzitazama nguo za wanawake. Historia ya jirani zetu inatufundisha mengi katika jambo hili.

Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya taifa, ingawa hakutaka wananchi wakatae kujifunza mema ya wengine. Ilikuwa kauli njema, na ilihitajika baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba Mwafrika hana utamaduni. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililokuja kujulikana kama Operesheni Vijana. Sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana zilipigwa marufuku Dar es Salaam kuanzia tarehe 1 Januari 1969.

Siku hiyo haikungojewa. Makundi ya vijana wa kiume yalijitokeza sehemu za Kariakoo, yakawashambulia wanawake waliokuwa wakishuka mabasini, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji. Wapo waliounga mkono kwa moyo wote, wakiona kwamba taifa changa limeanza kujitambua. Wapo pia waliouliza maswali magumu: ikiwa sketi fupi imetoka Ulaya, suti na tai zimetoka wapi? Na kwa nini anayekamatwa ni msichana wa basini, wala si bwana mkubwa ndani ya gari lake?

Katika miaka ile ile, viongozi wa mkoa wa Arusha walikuwa wakiendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega na ngeu, wavae suruali. Fikiria, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyogongana. Dar es Salaam mwananchi aliadhibiwa kwa kuvaa vazi la kigeni. Arusha mwananchi aliadhibiwa kwa kuvaa vazi la babu yake. Mwaka 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Ukizitazama amri hizi kwa pamoja, unaona kwamba jambo lililokuwa likitafutwa halikuwa mila tu. Lilikuwa pia mamlaka ya kuamua mtu mwingine aonekane vipi.

Mkondo huo haukukauka. Malawi ilitunga sheria ya mavazi mwaka 1973 chini ya Rais Kamuzu Banda, ikawakataza wanawake suruali na sketi fupi, na haikuondolewa mpaka utawala wa chama kimoja ulipoanguka katika miaka ya mwanzo ya 1990. Uganda ilipitisha sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014. Wahuni wakaifanya kisingizio cha kuwavua wanawake nguo barabarani, na Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu vyake kadhaa mwaka 2021. Hapa Kenya, mwezi Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume katika kituo cha magari Nairobi, na mamia ya wanawake wakaandamana kudai heshima yao.

Sina budi kukiri jambo hapa. Nilipokuwa kijana, katika kituo kimoja cha mabasi hapa mjini, niliona kundi la wanaume likimzomea msichana kwa sababu ya sketi yake. Mmoja wao akamvuta nguo. Nilikuwa na umri wa kutosha kusema neno, na kando yangu walikuwapo jamaa zangu wawili. Sote tulinyamaza. Mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyejitanda leso moja tu akaitoa, akamfunika msichana yule, akamshika mkono akamketisha nyuma ya meza yake, kisha akaendelea kuuza. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba msichana yule ndiye aliyevunja mila. Sasa najua kwamba katika kituo kile alikuwapo mtu mmoja tu aliyeilinda mila, naye ni yule muuza mahamri. Kusitiri ni mila yetu. Kuvua si mila ya mtu yeyote.

Mwanamke wa kaya

Kijana anayetaka mfano wa mhafidhina katika pwani hii hana haja ya kuvuka bahari. Aende Giriama. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke mtu mzima, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msiba, na kuwakusanya watu. Wakoloni walikuwa wakitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wageni, wakitoza kodi, na kuwaweka machifu ambao wazee wa kaya hawakuwachagua. Mekatilili aliwarudisha watu Kaya Fungo, wakala viapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hawatashirikiana na serikali. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwezi Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. Mwezi Agosti mwaka ule Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Tuzingatie alichokuwa akikilinda. Hakuhangaika na urefu wa hando la mtu. Alilinda vijana wasiuzwe kama nguvukazi, ardhi isinyakuliwe, na baraza la wazee lisipuuzwe. Alitumia ngoma ya kale kwa kazi mpya kabisa. Na alikuwa mwanamke, jambo ambalo wale wanaodai kwamba mila zetu hazikumpa mwanamke sauti wangefaa kulitafakari.

Misitu ya kaya ilisalimika kwa kiasi chake. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika misitu kadhaa ya Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 ikaziandika mila zinazofungamana nayo katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Neno hilo, haraka, lisitupite. Maana yake ni kwamba miti inaweza kubaki imesimama huku wanaojua kwa nini haikatwi wakitoweka mmoja mmoja.

Wala hawatoweki kwa maradhi na uzee pekee. Kwa miaka mingi sasa katika kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara kwa mara wanaowashuku na kuwavamia ni vijana wa ukoo wao wenyewe, na mara kwa mara nyuma ya tuhuma hiyo kuna shamba. Mvi, ambazo zamani zilimpa mtu kiti cha mbele, leo zinamtia mtu hofu kulala kwake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Mila ilisema hivyo zamani kabla ya katiba. Basi kijana anayepiga kelele juu ya kuporomoka kwa maadili, naye hajasema neno juu ya damu hii, amechagua ganda akaacha kiini.

Yaliyokuwa mapya jana

Kosa la pili la mhafidhina kijana ni kudhani kwamba mila haijapata kubadilika. Tumtazame Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935. Alikuwa mtu wa Ngazija, aliyehamia Lamu katika karne ya 19. Alifungua mlango wa elimu kwa watu waliodharauliwa, wakiwamo waliokuwa watumwa, na akaleta maulidi yanayosomwa kwa matari. Wakubwa wa mji walimpinga. Kwao lilikuwa zushi. Leo Msikiti wa Riyadha na maulidi ya Lamu ndiyo jambo la kwanza ambalo Mlamu atalitaja akiulizwa juu ya mila za kwao, na wageni huja kutoka kila pembe ya pwani kuhudhuria. Lililokuwa jipya kwa babu limekuwa la kale kwa mjukuu. Mlinzi mwenye busara hupima jambo kwa matunda yake: Je, linaunganisha watu? Linamwinua mnyonge? Hapimi kwa umri wake tu.

Lamu hiyo hiyo imetupa mfano wa siku zetu. Mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Ulipokuja mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, wenyeji waligawanyika, maana kazi ni haba na ahadi zilikuwa nyingi. Wavuvi, akina mama na vijana waliojiunga katika Save Lamu hawakurusha mawe. Walikwenda kwenye baraza la rufani la mazingira, wakaeleza juu ya mikoko, samaki, hewa na mji wao. Mwezi Juni 2019 leseni iliyotolewa mwaka 2016 ilifutwa, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huo ndio uhafidhina wenye meno: kuijua amana, kuisemea kwa hoja, na kuitumia sheria ya leo kuulinda mji wa jana.

Ndoa, kazi na lugha

Kijana wetu wa barazani alilalamika juu ya ndoa, na hapo alisema kweli. Lakini tumwulize yeye mwenyewe: kwa nini hajaoa? Jibu lake alilitoa bila kufichaficha. Hana mshahara, hana chumba, na mahari na gharama za harusi zinamzidi kimo. Zamani harusi ya pwani ilikuwa shughuli ya mtaa mzima. Akina mama walicheza vugo, majirani walileta mchele na nazi, mkeka ulitandikwa, nikaha ikasomwa. Leo tumeongeza ukumbi wa kukodi, magari ya kupambwa na wapiga picha, kisha tukayaita yote hayo heshima ya ukoo. Wazee wanaopanga gharama hizi ndio hao hao wanaolia kwamba vijana hawaoi. Aliye na kweli katika kutetea nyumba na ndoa, na atetee kwanza ajira ya kijana na wepesi wa mahari. Hakuna hotuba juu ya maadili inayoweza kuchukua mahali pa kazi ya halali.

Vivyo hivyo katika lugha. Ni rahisi kuilaumu Sheng ya matatu. Ni vigumu zaidi kukiri kwamba wazazi wengi waliosoma huwakataza watoto wao Kiswahili nyumbani, na kwamba katika shule nyingi mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni ili achekwe. Kijana aliyevishwa kibao kile leo tunamshangaa kwamba hajui methali. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa lugha iliyosemwa sokoni na bandarini, na kwa hiyo akadumu. Lugha hailindwi kwa kuifungia kabatini. Hulindwa kwa kuitumia katika kazi nzito, bungeni, mahakamani na maabarani.

Siasa za kushika ahadi

Hili linanipeleka kwenye siasa. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Kabla ya kutoka, wengi wao walikwisha kuufasiri mswada ule, uliochapishwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, wakaueneza kwa simu hizo hizo tunazozilaani. Tarehe 25 watu waliingia bungeni, na risasi zikapigwa. Siku ya pili Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya watu walipoteza maisha katika wiki zile, na familia zao bado zinangoja haki.

Wengi waliwaita vijana wale waasi. Waliofanya uharibifu hawana utetezi. Lakini tuwatazame wale wengine, walio wengi. Walibeba bendera ya taifa, wakaimba wimbo wa taifa, wakanukuu vifungu vya katiba ambavyo wazazi wao waliipigia kura mwaka 2010 kisha wakaisahau. Hawakudai katiba mpya. Walidai iliyopo ifuatwe. Kushikilia ahadi ya wazee hadi wazee wenyewe waone haya: ikiwa hilo si uhafidhina, sijui neno hili lina kazi gani. Kwa maana hiyo, kijana anayedai serikali ifuate sheria, na kijana anayeomba mzee amfundishe majina ya miti ya kaya, wanatetea jambo moja. Wote wanasema kwamba kilichokubaliwa kisivunjwe na wenye nguvu.

Jibu kwa kijana

Sasa nirudi barazani. Uliuliza, mwanangu, mila tulikukabidhi lini. Jibu la kweli ni kwamba wengi wetu hatukukukabidhi. Tulikwenda mjini kutafuta riziki tukakuacha na redio, kisha televisheni, kisha simu. Tulikuona unakua tukakuhimiza upite mtihani, na hatukukuketisha kukueleza shamba lile lilipatikanaje, nani alimzaa nani, na kwa nini bibi yako hakuruhusu mti fulani ukatwe. Tulikukemea kwa usilolijua. Mkulima asiyepanda hana haki ya kulilaumu shamba.

Kwa hiyo deni la kwanza ni letu. Wazee tuliobaki tufungue vinywa kabla havijafungwa na kaburi. Tuwapishe vijana nafasi barazani, na wakiuliza tusiwajibu kwa ukali. Serikali za kaunti zilipe deni lao pia: zimlinde mzee anayetishwa kwa kisingizio cha uchawi, ziwashitaki wauaji, na zimpe kila mwenye shamba la urithi hati yake, ili mvi zisiwe tena kikwazo cha mirathi ya mtu mwenye haraka.

Deni la pili ni lako. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo walivyosema wahenga. Lakini kabla ya kumgombeza jirani juu ya msala wake, kwanza uutafute mbacha wako ulipo, uukung'ute vumbi, uujue nyuzi zake.

Kijana yule aliniambia jambo moja zaidi tulipokuwa tukiagana. Babu yake mzaa mama ameihama nyumba yake huko bara ya Kilifi tangu mwaka jana, baada ya minong'ono kuanza kijijini juu ya mvi zake, na sasa analala katika chumba cha kupanga Kisauni pamoja na binti yake. Mzee huyo anajua dawa za mitishamba, mipaka ya mashamba ya ukoo, na nyimbo ambazo hakuna mwingine wa ukoo anayezijua. Nilimwuliza kijana amepata kuandika hata moja. Akanyamaza.

Juma lililopita nilimwona tena. Alikuwa na daftari mkononi, akielekea Kisauni. Aliniamkia, akaniambia kwamba amefika ukurasa wa tisa, na kwamba yeye na binamu zake wawili wamekubaliana kumrudisha babu yao nyumbani baada ya mvua, nao watalala kwa zamu katika ua wake mpaka kijiji kizoee. Nimeambiwa kwamba wajomba wawili hawakupendezwa. Na waseme watakalo. Vijana hawa watatu hawajamzomea mtu kituoni wala hawajatukana mtu kwenye simu, lakini wameifahamu kazi yao. Kazi kwenu, vijana wengine. Na sisi wazee, tuwape kalamu.